Koti la Mzee Beda

Jumatatu, 2 Juni 2025. Mikumi

Tembo hawakutokea. Timu nzima kutoka Dar, magari mawili, kamera ya bei ya nyumba – na tembo wamekaa zao porini kama watu wanaosubiri kuombwa vizuri. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika mwavuli. Si juu ya mtu. Juu ya kamera! Nimeungua paji la uso. Kamera iko salama.

Mchana tulikula wali kwenye vibanda vya barabara kuu. Dairekta wao, Oswald, akaniuliza huwa nafanya nini nje ya mwavuli. Nikamwambia napiga video: harusi, sendofu, kipaimara, mahafali ya chekechea. Nani alinifundisha? Hakuna. Kamera nilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, na kitabu cha maelekezo alikuwa ameshakipoteza.

Akacheka. Akasema ana warsha yake Dar. Kila mwaka anachukua watu wachache, anakaa nao mpaka kila mmoja amalize filamu ya kwao, ya nyumbani kwake. Sharti: kufikia mwisho wa mwezi huu umtumie dakika kumi za kitu chako mwenyewe. Una hadithi?

Nikajibu kabla sijafikiri. Nikasema, mama yangu alicheka kwenye msiba wa baba.

Oswald akaacha kutafuna. Kisha akauliza kama huko kwetu kuna tembo.

Jumanne, 3 Juni. Mikumi

Niiandike kama nilivyoiona, kabla Oswald hajaitia tembo.

Baba yangu, Beda, alikuwa mkaguzi wa reli. Alitembea kwa miguu, nyundo begani, akigonga vyuma na kukaza vilivyolegea. Mataruma, yale magogo yanayobeba reli, yamekaa karibukaribu. Ukiyakanyaga hatua yako haiwezi kuwa ndefu. Mwili ukazoea. Hata uani kwetu Masanze, hata akienda kupokea komunyo, baba alitembea hatua zilezile, fupi, sawasawa, kama anakanyaga kitu ambacho sisi hatukioni. Tulikuwa tunamcheka. Na yeye alikuwa anajicheka.

Huu ni mwaka wa sita tangu afariki. Siku ya mazishi, jeneza likiwa bado ndani, akaingia Octavian. Octavian ni mtani wetu: sisi Wasagara, yeye Mngoni, babu yake alikuja huku kukata mkonge. Anatengeneza baiskeli sokoni Kilosa. Msibani mtani ana ruhusa zote. Anamtukana marehemu, anazuia jeneza mpaka apewe kitu, akitaka analala kaburini. Sisi tunalia, yeye anachekesha. Ndivyo kazi ilivyogawanywa.

Sasa Octavian alikuwa amevaa koti la baba. Lile jeusi la mvua, la reli. Na kofia yake. Akaanza kutembea. Mataruma! Uani pote, mataruma. Akafika mpaka mbele ya mama pale mkekani, akasema kwa sauti ya baba kabisa: Mama Sesi, chai iko wapi, treni inakuja.

Mama akatokwa na sauti.

Watu wote walisema ni kicheko. Msibani mtani akifanya yake kila mtu anaruhusiwa kucheka, isipokuwa mjane. Mjane hapana. Baba mkubwa Damiano, kaka yake baba, katekista wetu, akasimama, akamvua Octavian lile koti, akamtoa nje ya uwanja. Na mama akaanza kusemwa. Bombani anasemwa. Kwenye jumuiya anasemwa. Mpaka leo wageni wakionyeshwa nyumba yetu wanaambiwa: kwa yule aliyecheka.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliona yote. Sina hata picha moja. Mpiga video mzima!

Alhamisi, 5 Juni. Masanze

Nimekuja nyumbani. Mama nimemkuta anapukuchua mahindi. Nikakaa, nikachukua hindi, nikajifanya na mimi napukuchua.

Nikamwambia nataka kutengeneza filamu.

– Ya nini?

– Ya msiba.

– Nani kafa?

– Baba.

– Huyo alishakufa.

Akaendelea na mahindi. Baadaye sana akauliza: na huyo wa kuwa mimi, atakuwa mnene au mwembamba? Nikasema bado sijampata. Akasema, usiniletee mwembamba, watu watasema nilikuwa nanyimwa.

Nikadhani mambo yamekaa vizuri. Nikauliza koti la baba liko wapi, tutalihitaji. Hapohapo uso ukafungwa. Koti liko kwenye sanduku, akasema. Na haliendi popote.

Ijumaa, 6 Juni. Kilosa

Octavian hajazeeka hata kidogo. Ameniona tangu mbali akapaza sauti soko zima lisikie:

– Wanangu, ficheni pampu! Msagara anakuja!

Nikamwambia shikamoo. Akasema marahaba, na mkono weka nionapo.

Nikamweleza. Kwamba nataka aigize ile siku, kwamba tutafanya mazoezi, kwamba kutakuwa na posho kidogo. Alikuwa anaziba pancha. Akaweka tairi chini.

– Unataka kunilipa nimtukane baba yako?

– Siyo hivyo, mtani...

– Mimi kumtukana baba yako ni haki yangu. Halafu mtoto wa Beda anakuja kuninunulia haki yangu mwenyewe! Nyie watu hamna haya.

Alikuwa anatania, na alikuwa hatanii. Kwa mtani huwezi kujua mpaka wapi. Kisha akapunguza sauti. Akasema msiba wa kuigiza hauna mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe huenda kumtafuta. Hawezi kuja kufanya msiba wa uongo kwenye uwanja wa watu wazima.

Ila, akasema, ule wa baba yako mimi sijaumaliza.

Sikuwahi kulifikiria hili. Wakati wa kugawa nguo za marehemu, ile nguo ambayo mtani ameivaa ni yake. Anaivaa, anafanya yake, anaondoka nayo, na marehemu anakuwa ameondoka. Yeye alivuliwa katikati. Nguo nyingine ziligawiwa, koti likabaki kwa mama. Miaka yote hii akikutana na mama sokoni hamdai. Anamsalimia tu, anamjazia upepo baiskeli.

– Nitakuja nimalize. Mara moja. Nikitoka na koti nimetoka, sirudi. Hiyo si filamu yako. Lakini uwanja ni wenu, ukitaka kusimama pembeni na kimashine chako nani atakukataza?

Nimetembea mpaka stendi nikiwa sijui kama nimekubaliwa au nimekataliwa.

Jumamosi, 7 Juni

Nimempigia Mudathir Mikumi. Tunapiga harusi pamoja, yeye kamera, mimi sauti na kugombana na mashangazi. Nikamwambia hakuna mazoezi, hakuna teki ya pili, hakuna kurudia, mhusika mkuu akitoka harudi. Nikategemea atalalamika.

Akasema: Sesi, harusi gani uliona ina teki mbili? Pete inavishwa mara moja.

Kweli. Kumbe tulikuwa shuleni, sisi tukadhani tunatafuta ugali.

Jumanne, 10 Juni. Masanze

Leo kwa baba mkubwa Damiano. Shikamoo, marahaba, habari za Mikumi, habari za tembo (hata yeye!), chai, viazi. Ndipo nikafungua mdomo.

Hakugomba. Bora angegomba. Akasema, mama yako alifedheheka mara moja, mbele ya watu waliokuwapo. Wewe unataka afedheheke mbele ya ambao hawakuwapo.

 Neno hilo nimelibeba mpaka nyumbani, bado ninalo. Nataka kusema kwamba nafanya kwa ajili ya mama. Lakini ningekuwa sina warsha ya Oswald, ningekuja mwezi huu? Sina hakika. Ningekuja Krismasi, kama kawaida, na soda.

Nilipoaga nikamwambia, kama mama akikubali, karibu. Akasema yeye hatakuja kabisa. Halafu akauliza itakuwa saa ngapi.

Ijumaa, 13 Juni

Oswald kaandika: wazo, tuanze na tembo wanavuka barabara, halafu polepole mjane. Watu wa nje watapenda.

Tena anasema ana kazi ya miezi mitatu Mikumi, nimtafutie sehemu za kupigia picha, kuanzia wiki ijayo. Mwavuli umepanda cheo.

Nimemjibu kwamba tembo wetu wa Masanze wana aibu sana.

Ile kazi sijaijibu.

Jumatano, 18 Juni

Nimeamka nimekuta koti liko juani.

Liko kwenye kamba, mikono imening'inia. Linanuka dawa ya nondo na, kwa mbali, grisi. Kifungo kimoja si chake, ni chekundu. Mama amekaa chini yake anachagua mchele, kama mtu anayelinda kitu kisiibwe.

Nikapita kama sijaona. Nikachota maji. Nikarudi.

– Sesilia.

Mama haniiti Sesilia ila nimevunja kitu.

– Wewe ulikuwa mlangoni siku ile.

– Ndiyo, mama.

– Nilicheka?

Nimekaa nikatazama mchele. Nimeisimulia ile siku mara ngapi! Kwa Oswald, kwa Mudathir, kwa kila mtu aliyeninunulia soda. Mama alicheka, mama alicheka. Ndiyo hadithi yenyewe. Sasa mwenyewe ananiuliza, na nikijaribu kuisikia ile sauti, sisikii kicheko. Sisikii kilio. Nasikia watu wakisema.

– Sijui, mama.

– Na mimi sijui.

Akapeta mchele kidogo. Akasema kitu kilitoka, na kabla hajakijua ni nini Damiano akawa ameshalivua koti, na watu wameshakipa jina. Akasema Octavian angemaliza, yeye angejua.

Kisha:

– Mwambie aje Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Na huyo mwembamba wako usimlete. Mimi nitakaa mwenyewe.

Nimeenda nyuma ya nyumba nikaandika ujumbe kwa Oswald, ile kazi hapana. Nimeutuma haraka, nisije nikausoma.

Ijumaa, 27 Juni

Mudathir amefika na mabegi. Mama kamkaribisha, kamkagua, kaniambia pembeni huyu Mwislamu wako anakula vizuri.

Tatizo la leo: maiki. Tunayo ile ndogo isiyo na waya, ya kubana kwenye nguo ya bwana harusi. Tutaibana wapi kwenye koti isionekane? Tumehangaika na gundi mpaka mama akachoka kututazama. Akalichukua koti, akachukua sindano, akaishona mwenyewe chini ya kola. Taratibu sana. Akauliza inasikia mpaka wapi. Mudathir akasema mpaka kule relini, kama hakuna kitu kizito katikati.

Mama akakata uzi kwa meno.

Jumamosi, 28 Juni, asubuhi

Majirani wamejaa. Hatukumwalika mtu. Baba mkubwa Damiano, ambaye haji kabisa, amekuja na kiti chake mwenyewe.

Jumamosi, 28 Juni, jioni

Niandike kwa mpangilio, nisirukeruke.

Octavian alikuja kwa baiskeli. Hajashuka, ameshaanza:

– Hawa Wasagara! Mtu kafa mwaka wa sita bado hamjamaliza kulia? Uvivu mpaka kwenye machozi!

Uwanja ukalipuka. Akamtukana baba. Akasema alikuwa bahili mpaka kifo kilipomjia alikiuliza kama kuna usafiri wa kurudi. Akamgeukia baba mkubwa: na wewe katekista, leo umekuja na kiti ili ukisimama kunivua tukuone vizuri? Baba mkubwa akatazama viatu vyake. Begani kwangu Mudathir anahema polepole, kamera imetulia. Nikajua tuko kazini.

Mama akainuka mkekani. Akaingia ndani, akatoka na koti, akampa yeye mwenyewe, mikono miwili. Octavian akalipokea. Akavaa. Akafunga mpaka kile kifungo chekundu.

Akatembea.

Siwezi kuandika hiki. Mudathir anacho. Fupi, sawasawa, fupi, sawasawa, kuuzunguka uwanja, na mimi mtu mzima nimekaa na hedifoni masikioni nasikia koti la baba linavyokwaruza. Akafika mbele ya mama. Akainama kidogo, kama baba.

– Mama Sesi, chai iko wapi, treni inakuja.

Hapa. Hapa ndipo. Nikamfinya Mudathir, akasogeza lenzi mpaka uso wa mama ukajaa kwenye kioo.  Nilikuwa nakisubiri kile kicheko kama watu wanavyosubiri keki ikatwe. Najua ni aibu, lakini ndivyo nilivyokuwa nakisubiri.

Mama akamtazama.

– Treni hakuna siku hizi.

Hilo halikupangwa. Lakini Octavian ni Octavian, hakusita hata kidogo:

– Basi nitatembea.

Akageuka. Akatoka uwanjani, akakatisha kwenye mabua ya mahindi, akashika njia ya ile reli ndogo ya kwenda Mikumi, ambayo sasa mbuzi wanaipita zaidi ya treni. Ndiyo mwisho. Mtani kaondoka na chake.

Mama akasimama, akakaza khanga, akamfuata.

 Mudathir akanyanyua kamera na kuanza kukimbia, kama tunavyowakimbilia maharusi wakitoka kanisani, na baba mkubwa akainuka na kile kiti, akakiweka katikati ya njia. Akakikalia.

– Muacheni, wanangu.

Kwa hiyo picha tulizonazo ni za kutokea pale. Migongo miwili relini, koti jeusi na khanga, inazidi kuwa midogo. Na wote wawili wanatembea hatua zilezile. Juu ya mataruma huna namna nyingine.

Lakini sauti. Maiki iko kwenye kola, na mimi ndiye mwenye hedifoni. Watu wote wanatazama migongo, mimi namsikia mama kama ameniegemea. Anaongea Kisagara. Changu ni cha kuokoteza, nilikuwa nashika nusu. Paa la nyumba. Yule mbuzi aliyeuzwa. Jina langu, mara mbili. Halafu: kwa nini hukuniamsha. Baba alikufia usingizini, kitanda kimoja na yeye. Octavian Kisagara hajui hata cha kuombea maji. Alikuwa anajibu mh. Mh. Baba naye alikuwa anajibu hivyohivyo.

Wakafika penye vichaka, wakapotea machoni. Sauti ikaanza kukatika, ikarudi. Mama akanyamaza. Hatua, hatua, hatua. Kisha nikasikia pumzi inavutwa, ile ya mtu ambaye kitu kinamjia –

Nikavua hedifoni.

Sijui kwa nini. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuvua hedifoni katikati. Hata yule baba wa bibi harusi alipokuwa anawatukana wakwe bila kujua maiki iko wazi, sikuvua!

Mama alirudi peke yake, jua limeshuka. Hana koti. Akanawa miguu, akaingia jikoni. Watu wakaondoka polepole, hakuna aliyeuliza. Baba mkubwa amesahau kiti chake.

Mudathir kaangalia vitu vyote. Picha safi. Sauti imeingia mpaka mwisho. Kwenye kompyuta inaonekana kama mstari wenye vichuguu, na mahali pamoja, karibu na mwisho, kuna mlima. Tumeutazama ule mlima. Akaniuliza tuusikilize? Nikasema subiri.

Simu imelia. Oswald: Jumatatu ndiyo mwisho, umekipata kicheko?

Filamu anayoitaka ipo pale kwenye kompyuta. Dakika kumi zipo, nazijua zinaanzia wapi na zinaishia wapi. Zinaishia mlimani. Na mama aliishona ile maiki kwa mkono wake, akauliza inasikia mpaka wapi, akakata uzi. Kwa hiyo alijua. Au kufika relini alikuwa ameshasahau. Nimekuwa nalizungusha hili tangu saa ile, na kila upande nikiangalia naona mtu anayetaka kwenda Dar.

Ndipo mama akaita kutoka jikoni.

– Sesi! Lete hiyo kofia yako ya masikio.

– Ya nini, mama?

– Nisikie. Nataka kujua nilicheka au nililia.

Akafuta mikono, akakaa kwenye kigoda. Nikamvalisha juu ya kilemba. Akasema hivi sitasikia, akafungua kilemba mwenyewe. Nikamvalisha tena. Nikapeleka sauti mpaka pale wanapoingia relini, nikabonyeza, nikarudi nyuma.

Sasa hivi anasikiliza. Naandika nikiwa nimesimama mlangoni, daftari ukutani, kwa sababu sijui mikono niiweke wapi. Mimi sisikii chochote. Naona shavu lake la upande wa moto tu. Mudathir ameshanyanyua kamera, hajawasha, ananitazama mimi. Anataka nitikise kichwa ili awashe, kama tunavyofanya kwenye harusi kabla ya pete.

Mama amefika mahali. Amefumba macho. Miguu yake pale chini ya kigoda imeanza kukanyaga, fupi, sawasawa.

Mudathir bado ananitazama. Sijatikisa kichwa, si kwa ndiyo wala kwa hapana.